Meza ya Watu Watatu katika Meli ya Heshima

Wamama wa kanisa, hasa wale ambao watoto wao wamefanikiwa kidogo, wananiuliza kama ile meli nyeupe ya kuzunguka ziwa inamfaa mutu wa umri wetu. Wanajua kwamba niliipanda mara moja. Ninawajibu hivi: kama unapenda utaratibu, itakufaa. Kama unapenda utaratibu wako mwenyewe, kaa nyumbani. Wanacheka, wanafikiri ninatania. Mimi si mutu wa kutania.

Kwa yule asiyejua ziwa letu, hapa Goma kuna namna nyingi za kwenda Bukavu. Kuna zile rapide, boti za mbio, unakaa kama samaki kwenye kopo, saa chache umefika na mgongo unauma. Kuna meli kubwa za watu wote, zenye viazi, mbuzi, magodoro, na muziki unaopiga mpaka meno yanatikisika. Na kulikuwa na hiyo nyeupe. Hiyo haikuwa ya kukupeleka mahali. Ilikuwa ya kukutembeza siku tatu, unalala ndani, unakula ndani, unarudi pale ulipotoka. Ilitengenezwa zamani na watu waliopenda mambo ya zamani, na wenye meli waliokuja nyuma hawakubadilisha kitu. Nguo za meza nyeupe. Kengele ya chakula. Jioni wanaume wanavaa koti na kravati, wanawake nguo ndefu.

Aliyenipeleka ni binti yangu, mutoto wangu wa mwisho. Alikuja nyumbani Murara siku moja mchana, akakaa jikoni kwenye kiti kifupi, akaanza kunisaidia kuchagua maharagi bila kuombwa. Nikajua ana neno.

"Mama, tunahamia Butembo," akasema. "Papa ya batoto, muzee wake amechoka. Duka inabaki bila mutu."

"Lini?"

"Kisha Pasaka."

Niliendelea kuchagua maharagi. Mume wake ni mutu wa Butembo, anauza piesi, vipuri vya magari. Mutu wa kazi, mutu wa misa, hanywi. Sina la kumsema. Walikuwa wameoana miaka kumi na moja, wana watoto watatu.

"Lakini mbele ya kwenda," akasema, "tunataka kukupeleka kwenye maji. Weye, miye, na papa ya batoto. Siku tatu. Ile meli nyeupe."

"Mimi na mukwe wangu kwenye meli moja?"

"Meli iko kubwa, Mama."

Hapa lazima nieleze jambo moja, vinginevyo hamtaelewa kosa langu. Kwetu, kule Masisi nilikozaliwa, mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Naye mukwe hali mbele yake. Kinywa kinachotafuna ni kama mutu anayevua nguo. Si kila mutu anaruhusiwa kukiona. Mama yangu hakuonekana akila na mukwe wake hata mmoja kabla ya wakati. Nasema kabla ya wakati kwa sababu kuna mwisho wa jambo hili. Siku mama mkwe anapoona vizuri, mara nyingi mutoto wa kwanza akishazaliwa, anamega kipande cha chakula anachokula yeye, anampa mukwe mkono kwa mkono. Mukwe anakila pale pale. Kuanzia siku hiyo wanakula pamoja mpaka kufa. Lakini kipande hicho hakiombwi. Hakuna mutu anayemwambia mukwe habari zake, na mke wake haruhusiwi kumweleza. Kikiombwa, kimeharibika. Kinatoka kwa mama peke yake.

Mimi sikuwa nimekitoa. Watoto watatu, miaka kumi na moja, na kila walipokuja nilipakua chakula, nikaweka mezani, nikakumbuka kitu jikoni. Daima kulikuwa na kitu jikoni. Binti yangu alijua. Mume wake alifikiri mimi ni mama mwenye kazi nyingi.

Basi nikaanza kuuliza kama meli ile inanifaa. Jirani yangu, mjane anayeuza makala ya kuwasha jiko, aliwahi kufua mashuka ya meli ile.

"Ile?" akasema. "Ile iko kama misa ya Kilatini, mama. Unasimama wakati banasimama, unakaa wakati banakaa, na hakuna mutu anakuambia juu ya nini."

"Na nikikosea?"

"Unaangalia mutu wa mbele yako. Si ndiyo unafanyaka kanisani?" Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Lakini weye hautakosea. Weye na ile meli mulizaliwa na mama mumoja. Wote munapenda kugombeza batu."

Sikutosheka na maneno yake. Nilishuka mwenyewe bandarini. Pale kwenye ngazi ya meli alisimama muzee mmoja mwenye koti jeupe, mkubwa wa chumba cha kulia. Wakati nafika alikuwa anamwambia kijana mmoja mwenye suti ya gharama avue kofia kabla ya kuingia. Kijana akaitoa. Nikasema moyoni: huyu ni mutu wangu.

Nilimuuliza yote. Muziki?

"Gitaa moja, Mama, saa moja tu, na mwenye kuipiga ni mutu wa koti."

Choo?

"Ndani ya kabine. Safi kuliko ya askofu."

Sala ya asubuhi?

"Tunapiga kengele, anayetaka anakuja."

"Na mutu akija mezani na kandambili?"

"Anarudi kuvaa viatu, Mama. Hata kama ni mwenye meli."

Nilipanda kurudi Murara nikiwa na furaha, na mimi furaha hainijii mara nyingi. Niliuliza mpaka makoti ya kujiokolea majini yanawekwa wapi. Swali moja tu sikuuliza: mukwe wangu atakula wapi? Sikuuliza kwa sababu halikunijia. Nilifikiri mahali penye heshima kubwa namna hiyo hapawezi kumkalisha mama na mume wa binti yake kwenye meza moja. Kwa akili yangu heshima ilikuwa moja duniani kote, kama chumvi. Kila mahali palipokuwa na watu wenye adabu, palikuwa na adabu yangu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Asubuhi tulitoka, mlima nyuma yetu na moshi wake, maji yametulia. Chakula cha mchana kilikuwa cha vikapu, kila mutu anachukua na kukaa anapotaka. Nilikaa upande wa nyuma, nikageukia kisiwa cha Idjwi, nikala samaki wangu. Mukwe alikaa mbele na wanaume. Nikamwambia binti yangu, "Meli hii ina akili." Alitazama maji.

Jioni, jua bado halijazama, kengele ikapigwa. Nilivaa mushanana wangu, vazi la kufunga begani, ule wa harusi za watu wakubwa. Mukwe alivaa koti na kravati iliyomkaba mpaka macho yakamtoka kidogo. Muzee wa koti jeupe alitupokea mlangoni, akainama kidogo, akatutangulia. Alivuta kiti, nikakaa kabla sijaangalia. Nilipoangalia, ilikuwa meza ya watu watatu, ndogo, ya mviringo. Karatasi yenye jina langu mbele ya sahani. Mbele yangu, goti karibu na goti, mukwe wangu. Binti yangu katikati.

Nilitazama meza nyingine. Zote zimejaa, watu wametulia, vitambaa mapajani. Nilitafuta jiko kwa macho. Jiko la meli liko chini, na abiria hashuki.

Ndipo nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasawazisha kijiko ambacho kilikuwa sawa tayari. Nikaelewa. Hakuchagua meli ile kwa sababu ya nguo nyeupe za meza. Aliichagua kwa sababu mutu akishakaa pale haondoki mpaka mlo umekwisha. Alikuwa anakwenda kukaa mbali, na kabla ya kwenda alitaka kitu kimoja, mama yake amkubali mume wake. Hakuweza kuniomba. Alichoweza ni kuniweka kwenye kiti ambacho hakina mlango wa nyuma.

Katikati ya meza kulikuwa na mkate mmoja wa mviringo, wa moto, haujakatwa.

"Mama," akasema polepole, bila kuinua macho, "mukate uko pale."

Hata maneno hayo yalikuwa yamevuka mpaka wa mila.

Mimi ningeweza kunyoosha mkono. Mkate ulikuwa karibu kuliko hiki kikombe kilicho mbele yangu. Nitawaambia kwa nini sikunyoosha, na mtaona jinsi ilivyo ndogo. Siku watu wa mukwe walipoleta ng'ombe wa mahari, tuliwapa maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa, kama tunavyowapa wageni wa heshima. Shangazi yake alionja, akasema, "Eh, hii maziwa inanuka moshi, jiko yenu iliungua?" Watu wake wakacheka. Na yeye, kijana wa miaka ishirini na sita, amekaa kati ya wajomba wake na woga wa bwana harusi, akacheka nao. Kicheko kifupi. Mimi nilikisikia nikiwa nyuma ya pazia. Nikakiweka. Miaka kumi na moja nilikitunza kama mutu anayetunza mbegu, na sikupanda kitu.

Nikasimama.

Muzee wa koti jeupe akafika mara moja. "Mama, kuna kitu inakosa?"

"Nitakula kule kabine."

"Sahani haitoki katika chumba hiki, Mama. Ndiyo sheria ya meli."

"Basi sitakula."

"Sawa, Mama. Lakini kiti kinabaki chako." Hakupandisha sauti. Ningekuwa yeye, ningesema vile vile.

Mukwe wangu naye alisimama, kitambaa bado kimechomekwa shingoni.

"Mama, apana. Ukae, ukule. Miye ndiye nitatoka."

"Ukae, Papa."

"Siwezi kukaa wakati weye umesimama."

Na akatoka, kweli, upande wa kushoto. Mimi nikatoka upande wa kulia. Nilipofika nje nikageuka, kwa sababu mlango ulikuwa na kioo. Binti yangu alibaki peke yake kwenye meza ya watu watatu. Waliendelea kumletea. Supu, akaila. Samaki, akala. Nyama, akala. Mwisho jibini ya Masisi kwenye ubao, na akala, kidogo kidogo, mgongo umenyooka, kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba chakula kilichopakuliwa hakiachwi. Muzee wa koti jeupe alisimama nyuma yake muda wote, kama mutu anayemkinga na upepo. Mkate hawakuugusa. Waliuondoa mzima.

Siku mbili zilizobaki nilikula ndizi nilizokuja nazo na karanga. Kila mlo waliweka sahani yangu na karatasi ya jina langu, na kila mlo waliiondoa safi. Hakuna aliyenigombeza. Jirani angeniona angecheka.

Asubuhi ya mwisho, tukiwa tunarudi, mukwe alinifuata nilipokuwa nimesimama kwenye reli. Upepo ulikuwa mwingi. Yeye si mutu wa maneno, watu wa biashara wanayatunza.

"Mama," akasema, "naomba unambie. Nilikukosea fasi gani?"

Alikuwa ameuliza kwa adabu yote. Alisimama kidogo upande, hakunitazama machoni. Hata yale maneno ya shangazi yake sidhani kama aliyakumbuka. Ningeweza kusema: ulicheka siku ile. Angesema: nisamehe, Mama. Ingekwisha pale pale juu ya maji, kabla hatujaona mji.

Nikasema, "Upepo iko mingi. Vaa kofia."

Akaivaa.

Walihama baada ya Pasaka. Binti yangu hakunilaumu. Alinikumbatia, akaniachia vyombo vyake vya jikoni alivyoshindwa kubeba, akaniambia dawa ya presha niimeze kila siku. Mambo ya mama na binti. Mambo ya meli hatukuyataja. Kisha vita ikaja tena, bandari ikafungwa na kufunguliwa, na barabara ya Butembo ikawa kama imeondolewa katika nchi. Niliona watu wa kambi ya Mugunga wakiingia mjini na magodoro vichwani, wakitoka, wakiingia. Katika siku hizo mutu anahesabu ni nani hajampa nini. Mimi hesabu yangu ilikuwa fupi, nayo ilikuwa kipande cha mkate.

Nikaamua. Nikasema, siku mukwe wangu huyu akiingia mlangoni mwangu, kabla hajamaliza kunisalimu, nitampa.

Mwaka uliopita nilianguka bafuni, nikavunjika mkono. Binti yangu alikuwa na mimba, asingeweza safari. Akaja mukwe. Siku mbili, kupitia Uganda, mipaka na mihuri, na mfuko wa maharagi ya Butembo begani, kana kwamba Goma hatuna maharagi. Aliniangalia mkono, akaongea na daktari vizuri kuliko watoto wangu wa kiume wote, akatengeneza na bomba la maji lililokuwa likivuja tangu mvua.

Jirani alinisaidia kupika: bugali, majani ya sombe, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga. Nikamwambia aweke sahani mbili mezani. Alinitazama, akafunga mdomo, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda kwake.

Nikakaa. Nikamwita: "Papa, chakula."

Akaingia, akanawa. Akaona sahani mbili, na mimi nimekaa. Nilikuwa nimeshamega kipande cha bugali kwa mkono mzima, nimekichovya, nimeanza kukiinua. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa bibi harusi, mwanamke wa miaka yangu.

Yeye akachukua sahani yake kwa mikono miwili.

"Apana, Mama, usihangaike," akasema. "Sasa najua. Niliuliza bamuzee ba kwenu pale Butembo, balinieleza: mukwe hakulake mbele ya mama ya bibi yake. Miaka yote nilikuwa nakukosea, sikujua. Unisamehe."

"Papa, kaa hapa."

"Mama, weye iko unanihurumia juu nimetoka mbali." Akacheka, kicheko cha mutu aliyejifunza somo na anataka mwalimu aone. "Heshima ni heshima. Sitarudilia tena."

"Ninakuambia kaa."

"Kula, Mama. Itapoa."

Akatoka barazani, akakaa kwenye jiwe la makoro, lile jeusi la volkano, ambalo mume wangu marehemu alilifanya kiti, mgongo kwangu, kama inavyotakiwa. Alifanya vizuri kabisa. Mama yangu angemsifu. Wazee wale walikuwa wamemfundisha nusu ya kwanza ya jambo, kwa sababu nusu ya pili haisemwi na mutu. Inatoka kwa mama. Na mama mwenyewe alikaa ndani na kipande kimeinuliwa, na mkono mmoja umefungwa plasta, hawezi kumfuata na kumshika shati.

Ningeweza kuita mara ya tatu. Ningeweza kupiga kelele na kueleza yote, mila na ivunjike. Nilifungua kinywa. Nikaona mgongo wake, ametulia, anakula kwa njaa ya safari, mutu aliyemaliza deni lake. Nikakirudisha kipande sahanini.

Alikaa siku nne. Kila mlo alitoka nje kabla sijamwita.

Mukwe alipofika Butembo, binti yangu akanipigia simu. Tuliongea mkono, tukaongea mimba. Kisha akauliza, na nilisikia alivyovuta pumzi kwanza:

"Mama, mulikula?"

"Nilimuita," nikasema. "Mara mbili. Alikataa juu ya heshima."

Nilisikia pikipiki za huko zikipita.

"Uliinua mukono?" akauliza.

"Niliinua."

"Aliona?"

"Apana. Alikuwa anaangalia sahani yake."

Binti yangu akalia. Hakulia siku ya meli. Mimi nilishikilia simu mpaka alipomaliza, kisha nikamwambia akanywe maji, kwa sababu mwenye mimba halii bila kunywa maji.

Wamama, meli bado ipo, wanasema itaanza kutembea tena. Inafaa. Ni safi, watu wake wana adabu, na kiti ukipewa kinabaki chako hata usipokikalia. Lakini kama kuna mutu wa kula naye, usingoje kwenda kwenye maji.